Pasi ya Reli si Kiti

MKENYA aliyezoea garimoshi la Nairobi hadi Mombasa hujua kwamba tikiti na kiti ni kitu kimoja. Tangu Madaraka Express ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, anayelipa nauli hupewa nambari ya behewa na nambari ya kiti. Viti vikijaa, tikiti nazo zimekwisha. Hapana la kuuliza zaidi.

Ulaya mambo si hivyo. Huko nauli inaweza kuwa imelipwa na kiti kisiwepo, na wageni wengi wamelijua jambo hili wakiwa tayari wamesimama stesheni, mikoba mkononi, watoto pembeni, na garimoshi likiondoka mbele ya macho yao.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni pasi ya reli. Pasi ya Eurail ilianzishwa mwaka wa 1959 kwa ajili ya wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Mwaka wa 1972 ikafuatwa na Interrail, iliyokusudiwa vijana wa Ulaya wenyewe. Siku hizi zote mbili huuzwa kwa watu wa kila umri, na pasi kubwa hutumika katika nchi 33. Anayeishi Kenya hununua Eurail. Mwanafunzi Mkenya aliye na makao yake Ulaya, tuseme Ujerumani au Uholanzi, hununua Interrail.

Msafiri huchagua siku ngapi atapanda treni, kwa mfano siku 7 katika mwezi mmoja au siku 10 katika miezi miwili. Siku moja huhesabiwa kuanzia saa sita za usiku hadi saa sita za usiku unaofuata, na ndani yake anaweza kupanda treni moja au hata tano. Vijana wasiozidi miaka 27 hupunguziwa bei. Watoto wa miaka 4 hadi 11 hupewa pasi bila malipo, watoto wawili kwa kila mtu mzima.

Kwa familia iliyojinyima miaka miwili au mitatu ili itembee, hayo ni maneno matamu. Hata hivyo, pasi inalipa nauli tu. Kiti ni habari nyingine.

Nchi hazifanani

Msomaji akitaka kuielewa Ulaya ya treni, na aigawe katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la nchi ambazo mwenye pasi huingia karibu treni yoyote ya mchana na kuketi palipo wazi. Humo mna Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji. Ukichelewa treni ya saa tatu, utapanda ya saa nne. Anayetaka uhakika anaweza kuhifadhi kiti kwa ada ndogo; Ujerumani ada hiyo ni kama euro 5 katika daraja la pili. Lakini halazimishwi.

Fungu la pili ni la nchi ambazo treni zake za mwendo wa kasi hazimpokei mtu asiyehifadhi kiti. Ufaransa na TGV yake, Uhispania na AVE, na Italia na Frecciarossa, zote zimo humu. Mwenye pasi hulipa ada juu ya pasi yake. Kwa TGV za ndani ya Ufaransa ada hiyo kwa kawaida ni euro 10 au 20, kutegemea treni. Eurostar inayopita chini ya bahari kati ya Paris na London hudai zaidi, yapata euro 30 au kupita hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa pasi hawalitaji kwa sauti kubwa. Katika baadhi ya treni hizi, hasa zinazovuka mipaka, viti vya wenye pasi vimewekewa kikomo. Viti hivyo vikiisha, treni inaweza kuwa na nafasi tele kwa wanaolipa nauli kamili, na wewe mwenye pasi ukaambiwa hakuna.

Agosti moja, katika mji mmoja wa kusini mwa Ulaya, nilikuwa kwenye laini ya dirisha la tikiti nyuma ya mama aliyekuwa na mabinti wawili. Niliposikia akiwaambia wasogeze sanduku kwa Kiswahili cha kwetu, nilimwamkia. Walikuwa wakienda Paris, na ndege yao ya kurudi Nairobi ilikuwa iondoke asubuhi iliyofuata. Karani akatikisa kichwa. Viti vya wenye pasi vilikuwa vimekwisha siku hiyo na kesho yake.

“Dadangu, hebu nisaidie kumwuliza,” mama akaniambia. “Pasi si hii hapa? Nimeilipia pesa nzima. Anataka nini tena?”

Nikamwuliza karani, na jibu likawa lile lile. Tikiti za kawaida zilikuwapo, tatu za mwisho zilizokaa pamoja, kwa bei ya siku yenyewe. Mama akawatazama mabinti zake, akafungua pochi, akahesabu noti alizokuwa ameweka za kununulia jamaa zawadi. Binti mkubwa akamwambia, “Mama, hata shangazi ataelewa.” Wakalipa, wakaondoka. Pasi yao ilikuwa bado na siku mbili ambazo hawakuwahi kuzitumia.

Piga hesabu kabla

Kisa cha mama yule kina mafunzo mawili kwa wazazi. La kwanza ni kwamba pasi ya mtoto ni ya bure lakini kiti chake si cha bure. Baba, mama na watoto wawili wa miaka 8 na 10 wakipanda TGV kutoka Paris hadi Lyon, safari ya saa mbili hivi, watalipia viti vinne. Kwa ada ya euro 10 hiyo ni euro 40. Kwa ada ya 20 ni euro 80. Safari nne za namna hiyo zitamega kati ya euro 160 na 320, na pesa hizo hazimo katika bei ya pasi. Zijumlishe mapema. Huenda ukaona kwamba kwa Ufaransa peke yake ni nafuu kununua tikiti za kawaida miezi kadhaa kabla, na pasi ikafaa zaidi kwa anayezunguka Uswisi, Austria na Ujerumani, ambako nauli ni ghali na viti ni huru.

Funzo la pili ni kwamba safari isiyoweza kuahirishwa huhifadhiwa kwanza. Safari ya kuwahi ndege, safari ya siku ambayo viza inakwisha, na safari yoyote ya Julai, Agosti au Krismasi, zote hizo zihifadhiwe kabla ya kuondoka Nairobi. Unaweza kufanya hivyo kwa intaneti kupitia wauzaji wa pasi au kampuni za reli zenyewe. Nyingine, hasa za ndani ya nchi, unaweza kuzifanyia dirishani ukifika, siku chache kabla.

Wanaopanga kuvuka hadi London wakumbuke jambo la ziada. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo Mkenya huhitaji viza yake peke yake. Akitaka kurudi Paris, viza yake ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kiti cha Eurostar hakitamsaidia anayekwamia kwa maafisa wa pasipoti.

Njia ya polepole

Asiyetaka ada hizi hajafungiwa mlango. Karibu kila nchi yenye treni za kasi ina pia treni za mikoa zinazosimama kila mji mdogo, na nyingi hazidai kuhifadhi kiti. Kati ya Milan na Venice, kwa mfano, unaweza kupanda treni za mikoa na kubadilisha njiani mjini Verona. Muda utaongezeka, lakini utaona mashamba ya mizabibu na wanafunzi wakirudi nyumbani na mikoba yao mgongoni.

Mfano mzuri kuliko yote uko Uswisi. Reli ya Bernina, iliyokamilika mwaka wa 1910, hupanda milima ya Alps hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari kisha ikateremka hadi Tirano nchini Italia. Mwaka wa 2008 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Treni ya watalii iitwayo Bernina Express hulazimisha kuhifadhi kiti kwa ada. Lakini juu ya reli hizo hizo hupita treni za kawaida ambazo mwenye pasi hupanda bila kulipa hata senti. Theluji ni ile ile na madaraja ni yale yale.

Kusoma alama za kiti

Aliyehifadhi kiti na azingatie nambari mbili, ya behewa na ya kiti. Behewa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa baadhi ya treni hukatwa katikati ya safari. Treni za kasi zinazotoka Berlin kuelekea magharibi, kwa mfano, nyingi hugawanywa katika stesheni ya Hamm, nusu ikaenda upande wa Köln na nusu upande wa Düsseldorf. Aliyeketi nusu isiyo yake atajikuta mji mwingine.

Asiyehifadhi naye na asiogope. Ndani ya treni za kasi za Ujerumani kuna kijitaa cha maandishi karibu na kila kiti. Kikionyesha majina ya miji miwili, kiti hicho kimehifadhiwa kati ya miji hiyo tu. Kabla ya hapo unaweza kukikalia. Tena mwenye kiti asipotokea ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka, haki yake huisha. Lakini epuka Ijumaa na Jumapili jioni ikiwa una watoto. Nyakati hizo wanafunzi na wafanyakazi husafiri kwa wingi, na wengine husimama hadi mwisho.

Treni za usiku kama Nightjet za Austria nazo hudai kuhifadhi, iwe kiti au kitanda. Faida yake ni kwamba ukipanda kabla ya saa sita za usiku na usibadilishe treni hadi asubuhi, pasi huhesabu siku moja tu, ile uliyoondoka.

Kwa hiyo kabla ya kununua pasi, chukua karatasi na uandike safari zako zote, moja kwa kila mstari. Weka alama ya msalaba kwa zile zinazolazimisha kiti, na andika ada mbele yake, kichwa kwa kichwa, watoto wakiwemo. Misalaba ikizidi, badilisha njia au badilisha nchi. Ikiwa michache, ilipie mapema, na siku zilizobaki ziache wazi, mwamke asubuhi na kuulizana mezani leo twende wapi. Uhuru huo ndio unaonunuliwa na pasi. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na kwa msafiri wa reli tahadhari hiyo haizidi ukurasa mmoja.