Safari ya Mang'ola, Nchi ya Vitunguu

Katika vyakula ambavyo Wana wa Israili walimtaka Nabii Musa, amani iwe juu yake, awaombee kwa Mola wake, kitunguu nacho kimo. Habari hiyo twaisoma katika Sura Al-Baqara, aya ya 61. Tangu zama hizo hata leo, ni jiko gani lisilokihitaji? Lakini wengi wetu twakinunua kila siku wala hatujui kinavyopandwa. Na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Mwaka 2021 tulilima tuta moja nyuma ya nyumba yetu, Arusha. Watoto walilimwagilia asubuhi na jioni, pasipo kukosa hata siku moja, mpaka siku ya kuvuna. Vitunguu vikatoka vikubwa, tukavitia guniani siku ile ile kwa furaha. Baada ya wiki tatu gunia likanuka. Karibu vyote vilikuwa vimeoza. Mdogo wao alilia, akasema hatashika jembe tena. Neno hilo lilituumiza kuliko hasara yenyewe.

Basi mwezi wa Septemba 2022 tulifunga safari pamoja nao kwenda Mang'ola. Tulipita Makuyuni na Mto wa Mbu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Kutoka hapo njia huteremka, na baridi ya mlimani ikageuka kuwa joto na vumbi. Huko chini liko Ziwa Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi. Nchi ni kavu, yenye mibuyu na migunga. Wahadzabe huwinda humo, na Wadatoga huchunga mifugo yao. Mara macho hukutana na mashamba ya kijani kibichi: chemchemi za Qangded hutoa maji matamu, na mifereji huyapeleka mashambani. Maji matamu na ya chumvi katika bonde moja! Tukamtukuza Muumba.

Mzee mmoja mkulima alitukaribisha kivulini, akasikiliza kisa chetu hadi mwisho. Kisha akamwita yule mtoto, akamwambia: "Mjukuu wangu, hukukosa kwa uvivu. Kitunguu ni kama mtoto mchanga: kwanza hunyonya, kisha huachishwa. Ninyi hamkukiachisha."

Akatuonyesha yote kwa utaratibu, nasi twawaeleza wasomaji wetu. Mbegu iwe mpya, kwani ya mwaka wa jana yaweza isiote. Tena iwe ya aina iliyozoea nchi zetu, kama Mang'ola Red au Bombay Red. Maana kitunguu huanza kujaza kwa kufuata urefu wa mchana, na mbegu nyingi za Ulaya hungoja mchana mrefu ambao huku haupo, zikatoa majani matupu.

Mbegu husiwa kitaluni kwa mistari, katika kina cha sentimita 1, zikafunikwa kwa majani makavu mpaka ziote. Baada ya wiki 6 hadi 8, mche ukiwa na unene wa penseli, huhamishiwa kwenye tuta lenye samadi iliyooza vizuri. Acheni sentimita 10 baina ya mche na mche, na 15 baina ya mistari. Mizizi yake ni mifupi, basi maji yasikauke, na magugu yang'olewe kwa mkono. Kitunguu kikianza kutokeza juu ya udongo, msikifukie.

Majani yaanzapo kulala yenyewe, hapo ndipo pa kuachisha: katisheni maji kabisa kwa wiki mbili au zaidi. Baada ya kung'oa, vitandazeni kivulini penye upepo mpaka shingo zikauke, kisha mkate majani, mkibakiza kiasi cha sentimita 2. Vihifadhiwe kwenye kichanja au nyavu, visirundikwe mahali pasipo hewa.

Tulirudi, tukasia mwezi wa Mei 2023 ili mavuno yaangukie kiangazi. Ilipofika siku ya kukatisha maji, ni yule yule mdogo aliyeuficha mtungi wa kumwagilia, asije mtu akasahau. Vitunguu vya tuta lile vilitufaa jikoni hata baada ya mwaka mpya, na majirani wawili walipata fungu lao.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu apandapo mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ametufundisha pia kwamba aliyekula kitunguu kibichi asiukaribie msikiti. Ndiyo maana Ijumaa ile ya mavuno, watoto walipodai kachumbari mapema, mama yao aliifunika kwa kawa mpaka tuliporudi kutoka katika Sala.