Turbo: Mafuta Yaliyonitangulia Bara



Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kuwa balaa la mafuta kumwagika ni letu peke yetu, kwa kuwa bandari iko kwetu. Nami nilikuwa na dhana hiyo mpaka nilipopanda kwenda Turbo kumzuru binti yangu aliyeolewa huko.

Turbo ni mji mdogo magharibi ya Eldoret, katika barabara kuu iendayo Malaba. Alfajiri ukungu hutanda juu ya mashamba ya mahindi. Mto Sosiani huteremka kutoka Eldoret ukaungana na Kipkaren, na maji hayo huingia Nzoia, kisha Ziwa Viktoria. Barabarani malori ya mafuta hayakatiki usiku wala mchana, kwani bomba litokalo Mombasa lilifikishwa Eldoret mwaka 1994, na kutoka hapo shehena huelekea Uganda. Mafuta yaliyoteremshwa kwetu yalikuwa yamenitangulia.

Mkwe wangu ana gereji nyuma ya nyumba. Nilipozunguka uani niliona doa jeusi likiteremka mpaka karibu na kijito wanapoteka maji majirani. Oili chafu ya injini ilikuwa ikimwagwa hapo kwa miaka. Tuta la mwisho la sukuma wiki la binti yangu lilikuwa limekauka. Jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, nimemwambia hata nimechoka. Husema hapo ndipo riziki yetu itokapo. Nachelea tukigombana zaidi."

Usiku ule nilikumbuka Makupa. Mwaka 1988, nikiwa kijana, mafuta mazito yalimwagika katika hori lile na mikoko ikafa. Kwa miaka mingi matope yale hayakurudi kuwa kama zamani.

Lakini Mwenyezi Mungu hakuiacha ardhi bila watumishi. Katika udongo na katika bahari mna bakteria, viumbe visivyoonekana kwa macho, ambavyo chakula chao ni mafuta. Mwezi wa Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipopasuka huko Alaska, wataalamu walinyunyiza fukweni mbolea yenye naitrojeni na fosforasi. Bakteria waliokuwapo tangu hapo wakapata nguvu, wakaongezeka, wakayala mafuta kwa kasi zaidi. Hata hivyo kazi hiyo inahitaji hewa. Mafuta yaliyozama chini ya mawe, hewa isikofika, yalikutwa yangalipo baada ya miaka mingi. Ndiyo sababu matope ya mikoko hupona polepole mno.

Baada ya sala ya Alfajiri nilikaa na mkwe wangu. Sikumkemea, kwani nilikuwa mgeni nyumbani kwake. Nilimkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kukidhi haja penye maji wanayoyaendea wenzao, je, sumu isiyotoka kwa kuchujwa? Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, yamekwisha ingia ardhini. Nitayatoaje?"

Tukashika majembe. Tulichimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yasipite juu ya doa, tukainua tuta upande wa kijito. Udongo mweusi tukautifua, tukauchanganya na samadi ya ng'ombe na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Nikamwagiza aunyunyizie maji usikauke, na augeuze kila juma upate hewa. Pia nilimwambia wazi kuwa viumbe hivi havili risasi na madini mengine yaliyomo katika oili chafu. Basi mboga zisipandwe tena hapo, na oili mpya isiguse ardhi kabisa, iwekwe katika pipa lenye kifuniko.

Akina mama, nanyi msilione jambo hili kuwa la mafundi tu. Jenereta ya nyumbani na pikipiki ya kijana wenu zina oili ya kubadilishwa. Ulizeni inamwagwa wapi, na muulize kwa upole.

Miezi minne baadaye binti yangu alinipigia simu. Nyasi zimeanza kuota pembezoni mwa doa, katikati bado ni peusi. Alisema mumewe ndiye augeuzaye udongo, na wiki ile alikuwa amemwomba amnunulie pipa la pili.