Uzito Uliandikwa

Msimu wa karafuu wa mwaka 1986 nilikuwa nesi kijana katika kliniki ya mama na mtoto, kaskazini mwa Pemba. Akaja mama na mwanawe wa miaka miwili. Nikampima mtoto: uzito mzuri, chanjo zimetimia.

"Bi Nesi," mama akasema kwa sauti ya chini, "mwanangu nikimwita haitiki. Wala hanioneshi kitu kwa kidole."

Nikamwita mtoto kwa jina mara tatu. Hakugeuka. Mara huko nje mtu akamimina pishi ya karafuu kwenye jamvi, na yule mtoto akageuza kichwa papo hapo. Niliona kwa macho yangu kwamba anasikia. Lakini nilimjibu mamake kama tulivyozoea kuwajibu wote: "Watoto wa kiume huchelewa kusema, dada. Vuta subira." Nikaandika uzito kwenye kadi, nikamwita anayefuata.

Subira hiyo ilimpeleka mama yule kwa waganga. Mtoto akanyweshwa makombe, akavishwa hirizi. Wapo waliosema kabadilishwa na shetani, wapo waliomlaumu mama. Nami sikuwa na neno la kumtetea. Kumbe daktari aitwaye Leo Kanner alikwisha kuieleza hali ya mtoto yule tangu 1943, huko Marekani, kwa watoto 11. Na huko nako mama walilaumiwa kwa miaka mingi kwamba hawakuwapenda wana wao vya kutosha. Jina la hali hiyo, usonji, mimi nililisikia nikikaribia kustaafu. Siku ile nilimkumbuka mama yule, nikalia.

Kijana sasa amepita miaka 40. Hasemi, ila msimu ukifika huketi na mamake kuchambua: karafuu huku, makonyo huku, hata moja halipotei. Mama alijifunza peke yake kumwita wakiwa uso kwa uso, kumwambia maneno machache, kumwonesha kitu kabla ya kumtuma, na kutombadilishia mpango wa siku ghafla. Hayo ningemweleza mimi, nikampa na barua ya kwenda hospitali.

Manesi wanangu, mtoto akifika mwaka na nusu, msiishie kwenye mizani. Ulizeni: anaitika jina lake? Anakuonesha kwa kidole kinachompendeza? Na mama akisema ana wasiwasi, wasiwasi huo uandikwe kwenye kadi, kando ya uzito.