Picha Moja, Nyumba Mbili

Laki tatu ni fedha nyingi kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi Lushoto kuandika riwaya ambayo hadi leo ina sura saba tu. Fedha zenyewe hazikuwa zangu. Zilikuwa za mzee mwenye studio ninakopiga picha za paspoti asubuhi na za harusi mwisho wa wiki. Alinikabidhi akasema, "Kijana, wewe ndiye unayeelewa mambo ya kompyuta. Katutafutie kitu cha kuwekea picha, kitu ambacho hakitakufa." Ndugu msomaji, kitu ambacho hakitakufa, kwa laki tatu!

Sababu ilikuwa diski ya zamani. Ilibeba harusi, vipaimara na maulidi ya miaka minne, nayo ilikuwa ikifanya kazi siku umeme ulipokatika, ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo ikawa inalia ka-ka-ka kama mjusi ukutani. Ndani ya diski za namna ile mna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kugusa, katika nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Haikufunguka tena.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja kutoka Mlalo. Binti yake tulimpiga picha kwenye sendofu. Mwaka haukuisha, akafariki kwa uzazi. Mama alitaka picha kubwa ya kuweka ukutani. Alikuwa nayo kwenye simu, ile aliyotumiwa kwa WhatsApp. Tukaichapa, uso wa binti ukatoka kama umepakwa uji, kwa sababu WhatsApp huipunguza picha ili ipite upesi, na kilichopunguzwa hakirudi. Mama akaitazama kwa muda, akasema, "Asanteni wanangu. Si yeye." Nimesoma riwaya nyingi za majonzi, sijakutana na maneno mazito kama hayo.

Na kilichoniuma zaidi kimo nyuma ya studio, kwenye kabati la mbao. Humo mzee ana negativu tangu mwaka 1978, kila mkanda ndani ya bahasha yenye namba, na namba zote zimo daftarini. Nyumba yetu ilipobomolewa na mvua za masika, picha pekee ya marehemu baba ilikwenda na maji. Mzee alifungua daftari, akapitisha kidole, akatoa bahasha, akaipiga picha ile negativu juu ya taa. Jioni nikakabidhiwa baba yangu, kijana wa umri wangu, suruali ya bugaluu na kitana nyweleni.

Hapo ndipo unapoona tofauti. Zama za mkanda, picha ilikuwa na nyumba mbili bila mtu kupanga: karatasi kwa mteja, negativu kwa mpiga picha. Moja ikibomoka, ya pili ipo. Kamera za dijitali zilipokuja watu walishangilia kuepukana na gharama za mikanda na kusafisha, na nyumba ya pili ikavunjwa kimyakimya. Mteja hubaki na kivuli kwenye simu, studio na faili halisi ndani ya chombo kimoja.

Mji wetu huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Mpiga picha wao, Walther Dobbertin, alifanya kazi katika koloni lao la Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita yenyewe. Picha zake leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilianza kuweka makumi ya maelfu ya picha zake wazi kwenye Wikimedia Commons. Nikiwa na bando nawaona askari na wapagazi wa miaka zaidi ya mia iliyopita, wengi bila majina. Wao wapo. Binti wa Mlalo wa juzi tu hayupo.

Basi nikaanza kuchagua. Mzee alitaka diski moja ya terabaiti nne. Kubwa ndiyo imara, alisema. Nikabisha kwa adabu: "Mzee, ng'ombe mmoja akifa zizi limekwisha. Mbuzi wawili, mmoja hubaki." Akacheka, lakini hakukubali siku hiyo.

Mchuuzi mmoja alinionyesha flashi iliyoandikwa terabaiti moja kwa bei ya sahani chache za wali. Vijana wenzangu, zikimbieni. Nyingi ndani yake mna nafasi kidogo tu, ila zimefundishwa kusema uongo: kompyuta inaambiwa picha zimeingia, majina yanaonekana, ukifungua hakuna kitu. Ipo programu ya bure, H2testw, inayoijaza flashi mpaka ukingoni na kuisoma upya, ukweli hutoka. Diski za SSD nazo nzuri, hazina sahani ya kuzunguka wala kuogopa mtikisiko, ila zikikaa miaka kabatini bila umeme zinaweza kusahau. Za kufanyia kazi, sawa. Za kulaza kabatini, hapana.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliandika kitabu mwaka 2005, na hesabu yake imekuwa kama sala kwa watu wa kazi hii: nakala tatu, aina mbili za vyombo, na moja ikae mbali. Tulinunua diski mbili za terabaiti moja moja, laki moja na arobaini kila moja. Pamoja na kompyuta, ni nakala tatu. Aina ya pili ya chombo mimi nimeihesabu karatasi: kila harusi tunachapa picha ishirini na kuziweka kwenye bahasha yenye namba, kama zamani. Huenda Krogh asinikubalie. Yeye haishi Usambara.

Maana huku kuna ukungu unaoshuka toka Magamba, na kuna ukungu unaoota kwenye lenzi na kwenye negativu, na Kiswahili kimeviita jina moja. Diski ya studio inalala kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ya pili iko Korogwe kwa dada, ndani ya sanduku la nguo, nayo hupanda na kushuka mlima kwa basi mara moja kwa mwezi, barabara ya Mombo ikiwa haijafungwa na udongo.

Wenye bando watauliza kuhusu intaneti. Google hutoa gigabaiti 15 bure, na tangu Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa humo. Harusi moja ina picha 1,500, kila moja megabaiti 25; piga hesabu, ni zaidi ya gigabaiti 37. Kwa hiyo tunapandisha arobaini tu za kila shughuli, na mteja tunamtumia kama faili, si kama picha, ili zisipunguzwe. Mwisho wa mwezi nafungua picha kumi kutoka kila diski bila kuchagua, kuona kama bado zinafunguka.

Diski ile iliyokufa ipo kwa fundi Dar es Salaam. Alitaja bei inayozidi laki tatu, bila ahadi. Mzee alinyamaza, kesho yake akauza kamera yake moja. Mama wa Mlalo hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, nami humwambia fundi hajajibu, naye husema haya mwanangu, nitapiga tena.