Sekunde Kumi

Nilikuwa mwanagenzi katika maabara moja mjini Nakuru, majira ya masika, wakati maji ya vijito yachafukapo na watu wengi huugua matumbo. Asubuhi moja nilikuta vidoa vya bakteria vimeota juu ya sahani niliyopaka jana yake choo cha mtoto mgonjwa. Swali lilikuwa fupi, lakini zito: je, yawezekana kuwa ni kipindupindu, maradhi yaliyozuka Kenya mwaka 1971, au ni E. coli, mkazi wa siku zote wa matumbo yetu?

Kipimo cha oksidesi hakitaji jina la kiini. Hupunguza tu majina ya kushukiwa. Viini vingine vina kimeng'enya cha kupumulia ambacho huifanya dawa isiyo na rangi igeuke zambarau. Kiini cha kipindupindu kinacho. E. coli hana, wala viini vya homa ya matumbo na vya kuhara damu havina. Mwaka 1956 Kovacs alieleza namna nyepesi ya kukifanya: dawa hudondoshwa juu ya karatasi ya kuchujia, bakteria hupakwa hapo, na rangi hungojwa kwa sekunde kumi.

Nikapaka. Zambarau ikatokea. Moyo ulinienda mbio. Tayari niliona masoko yamefungwa na akina mama wakilia. Nikashika kalamu.

"Kijana," akasema mzee aliyekuwa akinifundisha, "umepaka kwa waya gani?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa na chuma ndani yake, na chuma chaweza kuigeuza dawa ile bila msaada wa kiini chochote. Akainua na chupa yangu kwenye mwanga: dawa ilikwisha anza kuwa buluu kwa kuingiwa na hewa. Makosa mawili kwa mkono mmoja!

Akafungua chupa mpya, akachukua kijiti cha mti. Upande mmoja alipaka kiini tulichojua kuwa kina oksidesi. Kikageuka zambarau papo hapo. Upande wa pili alipaka cha mtoto, tukahesabu kwa sauti mpaka kumi. Pakabaki peupe. Baada ya dakika kadhaa hata pale palianza kupiga zambarau hafifu, lakini mzee alikwisha itupa karatasi, maana hewa nayo huigeuza dawa kwa taratibu zake.

Mtoto alikuwa angali mgonjwa, akinyweshwa maji yenye chumvi na sukari wodini, nasi tulikuwa na vipimo vingine vya kufanya. Nikakata neno nililokuwa nimeanza kuliandika katika daftari. Chini ya mstari ule herufi tatu zilisomeka bado: kip.