Mawe ya Hananasif

Nilihamia Hananasif, jijini Dar es Salaam, mwaka 1989, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na jambo la kwanza walilonifundisha wapangaji wenzangu lilikuwa kupandisha kitanda juu ya matofali. Sikuelewa mpaka masika ilipofika. Maji yalishuka kutoka juu, upande wa Kinondoni, yakitafuta Bonde la Msimbazi, na kwa kuwa hayakuachiwa njia yalipita ukumbini kwetu. Wapo waliosubiri mvua hiyo ili watapishe vyoo. Asubuhi ungekuta sufuria zinaelea kwenye maji ambayo kila mmoja alijua yana nini, na wiki inayofuata watoto wanaharisha.

Tulikuwa watu karibu 20,000 kwenye hekta zipatazo 50. Hakuna aliyetupimia viwanja. Kila mtu alijenga alipopata. Kwa hiyo mwaka 1994, ulipoanza mradi wa kuboresha makazi, wengi waliingiwa na hofu ya bomoabomoa. Wazee walikumbuka miaka ya sitini, serikali ilipokuwa ikivunja mitaa ya namna yetu ili ijenge upya. Safari hii ilikuwa tofauti. Fedha zilitoka Umoja wa Mataifa na Ford Foundation, Shirika la Kazi Duniani likaleta utaalamu, walimu wa Chuo cha Ardhi wakashiriki, na Halmashauri ya Jiji ikawa mshirika. Lakini kazi yenyewe wakazi ndio waliopewa kwa mkataba, kupitia chama chao cha maendeleo. Tungechagua, tungechimba, tungelipwa.

Mkutano ninaoukumbuka kuliko yote ulihusu njia ya mfereji mkubwa. Ramani ilitandazwa mezani, watu wakaizunguka wakitafuta mapaa ya nyumba zao kwa vidole. Mstari uliochorwa ulikuwa umenyooka vizuri, ila ulipita juu ya majiko, vyoo na pembe za vyumba vya watu. Mama mmoja muuza vitumbua akasema maji hayapiti hapo. Akaombwa aoneshe. Akatuongoza sote, wahandisi nyuma yake, hadi kwenye kichochoro ambako ukuta ulikuwa na alama ya tope iliyofika kiunoni. Yeye alikuwa amewasha jiko pale kila alfajiri kwa miaka, anajua maji yanakuja na nguvu gani na yanapinda wapi. Mstari ukasogezwa.

Kuusogeza kulimaanisha kugusa uwanja wa mzee mmoja, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alinyamaza mpaka watu wakadhani amekasirika. Kisha akamwambia mjumbe wa nyumba kumi, "Choo changu kitaondoka. Nipeni siku mbili nichimbe kingine." Kesho yake nilimkuta na vijana wake wameshafika magotini ardhini. Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba mwanangu, na wewe kalete koleo lako." Sijasahau sauti ile.

Nikaenda kuandikishwa. Wanawake tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kazi ilipimwa: urefu wako na kina chako, ukimaliza unaondoka. Nilianza na sululu na karai, baadaye fundi akanifundisha kupanga mawe, jinsi ya kuligeuza jiwe mpaka uso wake ulio bapa uangalie maji. Jioni mikono ilikuwa imechanika kwa saruji, lakini kodi ya chumba nililipa kwa mikono hiyohiyo, kwa mara ya kwanza bila kukopa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa ikawekwa Tume, na kule mtaani sisi tuliendelea na mawe yetu.

Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ya El Niño. Usiku wa kwanza nilitoka na tochi nikasimama kwenye kipande nilichokijenga. Maji yalipita yakinguruma, meusi, yamejaa karibu na ukingo, na hayakutoka. Nililia, nasema kweli. Nyumbani kitanda kilibaki juu ya matofali kwa mazoea tu.

Jambo hili lingine limenichukua miaka mingi kulitamka. Katika mikutano yote ile hakuna aliyetuzuia wapangaji kusema. Tulikaa nyuma wenyewe, tukiamini kwamba ramani ni shauri la wenye nyumba. Tulizungumzia mifereji, barabara za kifusi, maji ya bomba. Kodi haikutajwa hata siku moja, wala mimi sikuitaja. Barabara ilipopitika, magari yakaanza kuingia, na waliokuwa wakikimbia mtaa wakaanza kuulizia vyumba. Mwaka 1999 mwenye nyumba wangu alinipandishia kodi, akataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mfereji ninaupenda mpaka leo. Lakini wenzangu wanne niliopanga nao mawe walihama kabla yangu, kwa sababu hiyohiyo, na tulikuwa na miaka mitatu ya vikao ya kuomba hata kodi isipande kwa ghafla.

Nikahamia Mbagala. Huko nimejenga vyumba vinne; viwili nimepangisha.

Mwaka jana mtaani kwetu tuliitiwa mkutano kuhusu barabara na mtaro. Nilipotoka nikagonga mlango wa binti aliyepanga chumba cha uani, mshonaji, ana mtoto mchanga. Akasema, "Mama, mimi si mpangaji tu?" Nikamwambia avae kanga, mtoto nitambeba mimi. Tulikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti alipouliza nani ana neno, nilimgusa goti, naye akasimama.