Mzigo Usio na Kuta

Katika baraza moja ya mtaa wa Mwembetanga, Unguja, huketi kila alasiri mzee aliyetumia miaka 31 ya umri wake barabarani, baina ya bandari ya Dar es Salaam na nchi za shaba. Watu wa mtaa humwita Dereva, ingawa tangu aliporejea kisiwani mwaka 2012 hajashika usukani wa gari lolote. Si mtu wa kusimulia. Wenziwe wanapobishana juu ya mpira au bei ya samaki, yeye hushughulika na kipande cha kamba, akikifunga na kukifungua, huku akiitikia salamu za wapitao.

Siku moja alimjia mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa. Kijana alikuwa amekwisha kuhitimu mafunzo ya magari makubwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo, na sasa alikuwa amepata kazi. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya juma la pili: gari la ekseli 6, tela bapa lisilo na kuta wala paa, kwenda Zambia na mabomba ya chuma ya mgodini na kurudi na shaba.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kuomba nasaha."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Yamkini kijana alitarajia dua na maneno mawili matatu juu ya askari wa barabarani. Nasaha alizopewa zilichukua alasiri mbili, na kwa sehemu kubwa hazikuhusu kuendesha gari. Zilihusu mzigo.

Mzee huyo ni mtoto wa baharia. Baba yake alisafiri katika majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji. Nyingine zikishushwa Unguja, nyingine zikivuka bahari hadi Ghuba, ambako upana wa vyumba vya nyumba za zama hizo ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Tangu utotoni alimsikia baba yake akisema kwamba jahazi halizamishwi na uzito. Huzamishwa na uzito unaohama. Boriti zikitulia zilipopangwa, huwa kama farumi, zikakishika chombo kikaenda sawa. Zikihama upande mmoja wakati wimbi limeinua upande wa pili, hakuna nahodha wa kukirudisha chombo. Mwana hakuurithi usukani wa bahari, lakini neno hilo alilichukua, akaenda nalo nchi kavu, na huko akalikuta ni lile lile.

Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa la ufagio. Kabla ya kupakia, sakafu ya tela ifagiwe, kwani mchanga, mafuta na maji ndivyo vinavyougeuza mzigo kuwa sabuni. Chuma juu ya chuma huteleza. Chuma juu ya mpira au mbao kavu hushika. Dereva anayeweka vipande vya mpira chini ya mzigo wake amekwisha kufanya nusu ya kazi ya minyororo kabla hajafunga hata mmoja. Kijana aliuliza kama hiyo si kazi ya utingo. Mzee akamjibu kwamba ufagio ni wa utingo, ila mzigo ni wa dereva.

Somo la pili lilikuwa la mahali pa kuuweka mzigo. Shaba inayotoka Zambia na Kongo huja katika mabamba yaliyofungwa vifungu, na uzito wake humdanganya asiyeijua. Tani 30 za shaba hazifiki hata mita 4 za ujazo. Zikilazwa juu ya tela lenye urefu wa mita 12, asiyejua ataona gari halikupakiwa kitu. Ndiyo sababu mahali zilipowekwa ni jambo kubwa kuliko wingi wake. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, huuruhusu kila mkusanyiko wa ekseli uzito wake: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma ya kichwa, 24 kwa ekseli tatu za tela. Gari linaweza kuwa halali kwa jumla yake, likakamatwa mizani ya Vigwaza au Makambako kwa kuwa vifungu viwili vimesogezwa mbele mno. Tena mizani ni hasara ndogo. Mzigo ukielemea nyuma huipunguzia ekseli ya mbele uzito wake, na usukani ukawa mwepesi mkononi, jambo ambalo mgeni hulifurahia kwa kutolijua.

Hapo ndipo walipofika kwenye kamba. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinataka mzigo ufungwe kiasi cha kuhimili, gari linapofunga breki, msukumo wa mbele unaolingana na sehemu 8 kati ya 10 za uzito wake. Na katika kona, sehemu 5 kati ya 10. Maana yake ni kwamba tani 30 za mabomba, breki zikishikwa kwa nguvu, zinaweza kumsukuma dereva mgongoni kwa nguvu ya tani 24. Mzee hakujifunza hesabu hiyo shuleni. Aliisoma uzeeni, na alipoisoma aliwekea kidole ukurasani, akakaa kimya. Kanuni za Marekani zinataka pia jumla ya uwezo wa minyororo na mikanda usipungue nusu ya uzito wa mzigo. Uwezo huo huandikwa kwenye lebo ya mkanda. Mkanda uliopoteza lebo, au uliokatika nyuzi pembeni, au uliofungwa fundo pale ulipokatika, usihesabiwe. Na uwe wa kufungia jeki.

Akachukua kipande chake cha kamba na kisanduku cha kiberiti akamwonyesha habari ya pembe. Mkanda unaosimama wima huukandamiza mzigo kwa nguvu zake zote. Ukiinama hadi nyuzi 30 kutoka sakafuni, huukandamiza kwa nusu ya nguvu hizo tu, ijapokuwa mkono wa aliyekaza umechoka vile vile. Kwa hiyo mzigo mfupi na mpana, kama ile shaba, hauridhiki na mkanda uliopitishwa juu. Unataka kuzuiwa mbele, ubavuni na nyuma, kwa mbao, kwa kabari na kwa minyororo ya kukingamana. Mabomba nayo yana tabia yake: huviringika kwa ubavu na kuchomoka kwa urefu. Bomba la katikati ya rundo halimjui mkanda, maana haliguswi nao. Linashikwa na wenzake tu, na wenzake wakilegea, linakwenda. Ndipo yanapotakiwa yafungwe kwanza vifungu vifungu kwa kubanwa tumboni, kisha vifungu vifungwe kwenye tela, na ncha zake zifike na kugusa ukuta wa mbele, pasiwe na nafasi ya kukimbilia.

Mengine aliyapitia kwa haraka, kama mtu anayehesabu vyombo. Kwenye kingo kali, pasitiri mkanda kwa kipande cha tairi chakavu. Usipande juu ya mzigo na malapa, wala usiruke kushuka. Usirushe mkanda upande wa pili bila ya kuita na kuitikiwa. Usisimame mbele ya chuma unachokikaza, kwani kikirudi hakichagui. Turubai ni tanga: kukiwa na upepo usilishike peke yako juu ya mzigo. Usilale njiani na shaba ila mahali penye walinzi na madereva wenzio. Katika mbuga ya Mikumi nenda pole, kwa kuwa tembo haogopi honi. Na katika mteremko wa Kitonga, wakati wa kurudi, ingia gia ndogo ukiwa bado juu, wala usiikalie breki ya mguu, kwani breki iliyopata moto ni kama haipo. Baba yake alikuwa akipunguza tanga kabla ya tufani kumfikia. Aliyengoja imfikie hakupata wakati wa kulipunguza.

Kijana aliyaandika yote katika daftari. Jua lilipokuchwa akashukuru, akidhani yamekwisha. Mjomba wake akamwambia arudi kesho.

Alasiri ya pili mzee hakuja na kamba. Alianza kwa kuuliza, "Umbali gani baada ya kutoka bandarini utasimama kuutazama mzigo?" Kijana akajibu alivyofundishwa chuoni, kwamba mzigo hukaguliwa mapema baada ya kuanza safari. Jibu lilikuwa sahihi, kwani hata kanuni za Marekani zinataka ukaguzi huo ufanywe ndani ya kilomita 80 za mwanzo, kisha urudiwe njiani kila baada ya saa tatu au kilomita 240. Sababu yake haina siri: barabara hutikisa, mzigo hukaa vizuri zaidi kuliko ulivyokaa ulipopakiwa, na mkanda uliokuwa umekazwa sawasawa hubaki na nafasi ambayo haukuwa nayo. Haukulegezwa na uzembe wa mtu. Umelegezwa na mwendo wenyewe.

"Utasimama Mlandizi," alisema mzee. Kisha akasimulia jambo ambalo mkewe mwenyewe hakuwa amelisikia.

Mwaka 1994 alibeba mabomba ya chuma kama hayo. Wakati huo alikuwa dereva mwenye sifa, na sifa hiyo ilikuwa ya kufika upesi. Mlandizi walisimama kununua maji. Utingo wake, kijana wa Morogoro asiyefika miaka 20, alizunguka tela, akarudi akasema, "Bosi, mkanda wa tatu una ulegevu." Yeye alikuwa amekwisha kupanda. Kulikuwa na gari la mwenzake mbele, na hakutaka kuachwa. Akasema, "Tutakaza Morogoro."

Baada ya Chalinze, kundi la mbuzi lilikatiza barabara, na nyuma yake mtoto aliyekuwa akilichunga. Alifunga breki. Gari lilisimama, mtoto alisalimika. Mabomba mawili hayakusimama. Yalichomoka katikati ya rundo, yakaupita ukuta wa mbele juu yake, yakaingia ndani ya kichwa cha gari upande wa kushoto. Utingo hakufa, lakini mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena hadi leo.

Watu wa kijiji kile walimsifu dereva kwa kumwokoa mtoto. Mwenye gari alimsifu pia, na katika maandishi ikaonekana kwamba mikanda ilikatika kwa nguvu ya breki. Hakuna aliyeuliza habari za Mlandizi. Walioijua walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa kitandani hospitalini. Dereva alipokwenda kumtazama, alikwenda na maneno yake ameyapanga. Yule kijana akamtangulia: "Bosi, nimewaambia mkanda ulikatika." Alidhani anamfanyia wema, na kweli alimfanyia. Mzee alisema kwamba mzigo huo ameubeba miaka yote, nao hauna mizani. Tangu siku hiyo alimpelekea fedha kila mwezi, na hata leo humpelekea, lakini neno lenyewe, la kusema kwamba mkanda haukukatika na kwamba yeye aliambiwa akakataa, hajapata kulisema mbele ya mtu mwingine.

Kijana alikuwa amelifunga daftari. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini anaambiwa yeye.

"Kwa sababu wewe utakuwa na utingo," alijibu mzee. "Naye atakuwa mdogo kuliko wewe, au maskini kuliko wewe, na siku moja atakwambia jambo wakati umekwisha kupanda. Kamba nimekufundisha jana. Leo nakufundisha kushuka."

Jahazini, akaongeza, nahodha ndiye mwenye amri, lakini anayeketi karibu na maji ni yule anayechota ngama. Maji yanapoongezeka, yeye ndiye wa mwanzo kujua. Baba yake alimsifu nahodha mmoja tu maishani mwake, na sifa aliyompa ni kwamba aliposemwa na mchota maji aliinuka akaenda kutazama.

Juma la pili, siku ya safari, mzee aliwahi barazani kuliko kawaida, na simu yake ameiweka juu ya paja. Wenziwe walimtania kwamba anangoja kuposwa. Saa tano kasoro robo iliita.

"Nimesimama, mjomba. Nipo Mlandizi."

"Ehe."

"Mkanda wa pili ulilegea. Si sana. Tumeukaza, na mingine yote tumeipitia."

"Nani aliyeuona?"

Pakawa na kimya kidogo, na kelele za magari yanayopita. "Utingo, mjomba. Mimi niliuangalia nikaona uko sawa. Yeye akaushika kwa mkono."

Mzee akaiondoa simu sikioni, akaitazama, kisha akairudisha.

"Mpe simu," alisema.

Waliokuwapo barazani waliyasikia maneno ya upande mmoja tu. Alimjulia hali yule utingo, akamuuliza jina lake na kwao ni wapi. Alipojibiwa, alikaa muda akisikiliza, akasema, "Ahsante, baba, Mungu akuweke," kama anavyoambiwa mtu mzima. Kisha akaaga, akainuka, akawaambia wenziwe kwamba anakwenda nyumbani mara moja, kwa kuwa iko namba ya Morogoro ameiandika katika kitabu naye anataka kuipigia.